Baruch Spinoza: fundi wa lenzi aliyesema mwanadamu hana hiari

Mtu akiiba mbuzi wa jirani, tunasema alitaka mwenyewe. Akikamatwa tunaona ni haki aadhibiwe, kwa sababu angeweza kuacha na hakuacha. Wazo hilo, kwamba alikuwa na njia mbili mbele yake akachagua moja kwa hiari, limebeba sheria zetu, mahubiri yetu na hata ugomvi wetu wa nyumbani. Karibu miaka 350 iliyopita kulikuwa na mtu huko Uholanzi aliyelikataa. Jina lake ni Baruch Spinoza, na mpaka leo wanafalsafa wakibishana kuhusu hiari hawawezi kumpita.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 24 Novemba 1632. Jamii yake ilikuwa ya Wayahudi waliotoka Ureno, nchi ambako Wayahudi walilazimishwa kubatizwa, na walioshika dini yao kwa siri waliwindwa na mahakama za kanisa. Uholanzi waliweza kusali waziwazi. Baba yake, Michael, alikuwa mfanyabiashara, na alipofariki mwaka 1654, Baruch na mdogo wake Gabriel waliendesha biashara hiyo.

Miaka miwili baadaye mambo yaliharibika. Tarehe 27 Julai 1656 viongozi wa sinagogi walimtenga. Alikuwa na miaka 23. Hukumu ilikuwa nzito kuliko nyingi zilizotolewa katika jamii ile: mtu yeyote asiseme naye, asikae naye chini ya paa moja, asimkaribie, asisome alichoandika. Ndugu na jamaa walihusika na katazo hilo kama wengine. Maandishi ya hukumu yanataja mafundisho potofu na matendo maovu bila kueleza ni yapi. Hakuomba msamaha. Aliacha biashara, akaondoka, akaanza kujitafutia riziki kwa kusaga vioo vya lenzi kwa ajili ya darubini na hadubini.

Ilikuwa kazi ya mikono, ya polepole, yenye vumbi jingi la kioo. Alisifika kwayo. Tangu 1661 aliishi kijijini Rijnsburg, kisha Voorburg, na mwishoni katika mji wa The Hague, ambako alipanga chumba kwa mchoraji mmoja, Hendrik van der Spyck. Hakuoa. Alikula kidogo na kuvuta kiko. Inasimuliwa kwamba rafiki alitaka kumlipa gilda 500 kila mwaka, yeye akasema 300 zinatosha. Mwaka 1673 aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, akakataa, kwa hofu kwamba angebanwa asiseme anachofikiri.

Alichofikiri ni hiki. Kila kitu kina sababu, na sababu hiyo ina sababu nyingine nyuma yake. Mwanadamu hayuko nje ya mnyororo huo. Anajua anachotaka, lakini hajui kilichomfanya akitake, na kwa kuwa hajui, anajidhania huru. Katika barua ya mwaka 1674 alitoa mfano wa jiwe lililorushwa. Kama jiwe hilo lingepata akili likiwa hewani, likahisi linavyojitahidi kwenda mbele, lingeamini linakwenda kwa kupenda kwake. Ndivyo mtoto mchanga anavyoamini anataka maziwa kwa hiari, na mlevi anavyoamini anasema kwa hiari maneno ambayo kesho atayajutia.

Jiulize kwa nini msimu huu ulipanda mahindi na si mtama. Utasema uliamua. Lakini kulikuwa na bei ya sokoni, mbegu uliyokuwa nayo, ndege wanaokula mtama, chakula ulichozoeshwa na mama yako tangu utotoni. Ukiziondoa sababu hizo moja baada ya moja, ni nini kinachobaki cha kuamua? Spinoza angejibu kwamba hakibaki kitu.

Usidhani anakubaliana na wanaosema ajali haina kinga, kwa hiyo mtu akae akingoje kilichoandikwa. Katika mnyororo wake, jasho la mkulima ni sababu kama mvua ilivyo sababu. Asiyelima havuni.

Mtu wa kwanza kumbana sana hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka wa mji wa Dordrecht, Willem van Blyenbergh, aliyeanza kumwandikia mwishoni mwa 1664. Swali lake ndilo ambalo wengi wenu mnalo sasa: kama yote yanatokea kwa lazima na yanatoka kwa Mungu, basi je, Mungu ndiye anayeleta uovu? Na mwizi ana kosa gani? Spinoza alijibu kwa furaha mwanzoni, kwamba uovu ni upungufu tunaouona sisi tunapolinganisha vitu, si kitu chenyewe. Blyenbergh hakuridhika. Barua zikaendelea, uvumilivu ukaisha, na baadaye mfanyabiashara huyo alichapisha kitabu cha kumpinga. Kwa maoni yangu Blyenbergh hakushindwa katika mabishano yale. Mama aliyeuliwa mtoto wake haambiwi kwamba uovu ni upungufu akatulia.

Kuhusu adhabu jibu lake lilikuwa na nguvu zaidi. Alitoa mfano wa mtu aliyeumwa na mbwa akapatwa na kichaa cha mbwa. Hana lawama, lakini enzi hizo watu walimbana pumzi mpaka afe ili asiwadhuru wengine, na Spinoza aliona wana haki. Ni mfano mkali. Maana yake ni kwamba mwizi anaweza kuzuiwa bila kuchukiwa. (Leo anayeumwa na mbwa huoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni na kukimbizwa kupata chanjo, kwa sababu chanzo cha ugonjwa kilijulikana. Hiyo ndiyo aina pekee ya uhuru aliyoikubali Spinoza: kuzijua sababu, ikiwa ni pamoja na zile zinazokusukuma wewe mwenyewe, mpaka zipungue nguvu juu yako.)

Mwaka 1672 fundisho hilo lilimfika mlangoni. Ufaransa ilikuwa imeivamia Uholanzi na watu walitafuta wa kumlaumu. Tarehe 20 Agosti, hapohapo The Hague, kundi la watu lilimvamia Johan de Witt, aliyekuwa ameiongoza nchi karibu miaka 20, pamoja na kaka yake Cornelis. Waliwaua na kuzikatakata maiti zao. Spinoza, aliyekuwa ameandika kwamba kumchukia mtu ni kutoelewa sababu zake, alishikwa na hasira. Alimsimulia mwanafalsafa Leibniz kwamba alitaka kutoka usiku ule akabandike pale bango la kuwaita wauaji washenzi. Mwenye nyumba alifunga mlango asitoke, kwa kuhofu naye angeuawa. Sioni kama kisa hiki kinamuumbua. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba hasira haishindwi kwa kuamriwa iondoke, na usiku ule kilichomwokoa kilikuwa mlango uliofungwa.

Alifariki tarehe 21 Februari 1677 kwa ugonjwa wa mapafu. Huenda vumbi la kioo lilichangia. Alikuwa na miaka 44. Meza yake ya kuandikia, ikiwa na maandishi ndani, ilisafirishwa kwa mchapishaji Amsterdam, na kitabu chake kikuu, Ethica, kilitoka mwaka huohuo. Mwaka uliofuata serikali ikakipiga marufuku. Dada yake Rebecca alidai urithi, akauacha alipoona madeni yangekula karibu kila kitu.

Nyumba aliyoishi Rijnsburg sasa ni makumbusho. Mwaka 2015 wasomi na viongozi wa dini walikutana Amsterdam kujadili kama hukumu ya 1656 iondolewe. Rabi aliyeombwa maoni alikataa, na hukumu ile haikufutwa.