Alfred Binet, mutu aliyetengeneza kipimo cha akili ya watoto

Mwalimu akikuambia kama mutoto wako anapita wenzake kwa akili, na kama ni muzuri apelekwe kupimwa, utakubali ao utakataa? Mbele ya kujibu, tumujue kwanza mutu aliyetengeneza kipimo chenyewe.

Alfred Binet alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1857. Alisoma sheria, akapata diploma, lakini ile kazi haikumuvuta. Mambo ya akili alijifundisha peke yake ndani ya vitabu, kisha akaingia hospitali ya Salpêtrière, Paris, kwa munganga Charcot. Huko alitetea mambo ya sumaku ambayo baadaye yalionekana si kweli, akapata haya.

Kilichomufungua macho kilikuwa nyumbani kwake. Alikuwa na mabinti wawili, Madeleine na Alice. Aliwapa vijaribio vidogo vidogo: eleza kitu hiki, andika maneno yanayokuja kichwani. Mumoja alishika kile anachoona kwa macho, mwengine aliruka na mawazo yake. Wote na akili, kila mumoja na njia yake. Aliwahi pia kupima vichwa vya wanafunzi, akitafuta akili katika ukubwa wa kichwa (hata wakubwa wa elimu waliamini hivyo!). Hakupata kitu cha maana.

Mwaka 1904 serikali ikamuweka ndani ya komisioni juu ya watoto wanaoshindwa masomo. 1905, yeye na munganga Théodore Simon wakatoa kipimo cha majaribio 30, toka rahisi mpaka nguvu. Kilikuwa cha kujua nani anahitaji kusaidiwa, si cha kumupa mutoto cheo. Binet alikataa kabisa mawazo ya kwamba akili haiongezeki. Kwa hiyo, baba na mama, muulize mwalimu: matokeo yatafanya nini? Kama mutoto atapandishwa kalasi ao kupewa masomo ya juu, apimwe. Kama ni ya kumusifu tu mbele ya ndugu zake, feza ibakie ya minerval.

Binet alikufa 1911, na miaka 54. Mwaka uliofuata, Mjerumani William Stern akageuza matokeo kuwa hesabu moja. Wamarekani wakapima waaskari na wahamiaji. Ikafika mpaka kwetu wafanyakazi wa migodi: miaka ya 1950, Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia Elisabethville, kikipima wafanyakazi na watoto wa kambi.