Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga wa Uganda



Ukishuka treni kituo cha London Bridge, hospitali iliyo jirani inaitwa Guy's. Hapo ndipo aliposomea uuguzi Katharine Timpson, aliyezaliwa mwaka 1863. Leo nataka umjue.

Mwaka 1896 Katharine alisafiri na wamisionari wenzake kwenda Uganda. Mmoja wao alikuwa daktari kijana, Albert Cook. Reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, kwa hiyo msafara ulikwenda kwa miguu, wapagazi wakibeba mizigo. Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mapema mwaka 1897. Huko wakaanzisha hospitali, na Katharine akawa matroni wake hadi mwaka 1911. Mwaka 1900 yeye na Albert walioana. Mwaka 1902 radi ikaiteketeza hospitali, wakajenga upya.

Lakini hospitali ya Mengo, hata ikiwa nzuri vipi, ilikuwa moja. Mgonjwa wa kidonda anaweza kubebwa siku mbili. Je, mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa? Huyo hawezi kungoja. Kama msaada uko mbali, yeye na mtoto wanaweza kupotea njiani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Katharine alisaidia kuanzisha shule ya wakunga hapo Mengo. Ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Wanafunzi walikuwa wasichana wa Uganda. Kazi iliyozoeleka kuwa ya kina mama watu wazima sasa ilisomewa darasani na wodini. Waliohitimu walipelekwa kwenye vituo vidogo vya uzazi mashambani.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Mimi ni muuguzi. Nikikwama wodini hapa London, nabonyeza kengele na wenzangu wanakuja mbio. Mkunga wa kituo cha shamba hana wa kumwita. Usiku wa manane ni yeye anayeamua: mama huyu nimsaidie hapa, au apelekwe hospitali sasa hivi? Dawa zikipungua, ni yeye wa kuliona mapema. Huo ndio uongozi, hata kama hakuna anayemwita bosi. Na Katharine alijua kwamba cheti peke yake hakitoshi. Tangu mwaka 1921 alikuwa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo vya mashambani. Aliyefunzwa hakuachwa peke yake.

Nikuambie na upande wa pili. Uganda ilitawaliwa na Waingereza, na wamisionari wengi walidharau ujuzi wa wakunga wa jadi, kina bibi waliozalisha vizazi na vizazi. Tusifiche hilo. Pia tukumbuke kwamba wasichana wale wa Uganda ndio waliokesha vituoni. Jina la Katharine tunalo vitabuni, yao mengi hatunayo.

Mwaka 1931 Katharine alianzisha chuo cha wauguzi. Alifariki mwaka 1938. Mumewe alifuata mwaka 1951. Hospitali ya Mengo ipo hadi leo.

Kazi ya nyumbani: wiki hii mpigie simu bibi, babu au shangazi. Muulize: ulizaliwa wapi, na nani alikuwepo kumsaidia mama yako? Kama anakumbuka jina la mkunga, liandike kwenye daftari lako kwa Kiswahili na uje nalo darasani. Wazazi, msimjibie mtoto. Mwacheni aulize mwenyewe.

Tuonane Jumamosi.

Mwalimu wenu