Denys Finch Hatton: Mwindaji Aliyeongoza Safari za Kamera

Zamani wageni waliokuja Afrika Mashariki kuwatazama wanyama wa porini walikuja na bunduki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifanya msafara wake baina ya mwaka 1909 na 1910. Alianzia Mombasa, akapitia Uganda na kumalizia katika nchi za Mto Nile. Katika msafara huo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na miongoni mwao walikuwamo vifaru weupe wa eneo la Lado, mahali ambapo hata leo, katika West Nile, panaitwa Rhino Camp. Ngozi na mifupa ilipelekwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na ulimwengu ukausifu msafara huo kuwa ni kazi kubwa ya elimu.

Leo mgeni anayeshuka Entebbe hubeba kamera shingoni, na anapoondoka huwaacha wanyama wakiwa hai kama alivyowakuta. Mabadiliko hayo hayakuja yenyewe. Yaliletwa na watu, na mmoja wao ni Denys Finch Hatton, mwana wa lodi wa Kiingereza, ambaye alikuwa askari, rubani na mwongozaji wa misafara. Habari za maisha yake zinafaa kusomwa na kila mtu, lakini zinawafaa zaidi wale ambao kazi yao ni kubeba silaha.

KUZALIWA NA MALEZI

Denys Finch Hatton alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1887, mtoto wa tatu na mwana wa pili wa Henry Finch-Hatton, ambaye baadaye alirithi cheo cha Lodi wa Winchilsea. Alisoma katika shule ya Eton, kisha katika Chuo cha Brasenose huko Oxford. Alikuwa kijana mrefu, hodari wa michezo, mpenzi wa muziki na mashairi. Walakini kwa mila za watu wake, mali na cheo ni vya mwana wa kwanza. Mwana wa pili hana budi kwenda kutafuta riziki yake mwenyewe.

Basi akaja Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alinunua ardhi upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, karibu na Eldoret. Haifai kulificha jambo hili: ardhi ile, kama nyingine nyingi zilizogawiwa walowezi, ilikuwa na wenyewe kabla yake, nao hawakuulizwa. Hata hivyo kijana huyu hakuwa mkulima. Shamba aliwaachia wenzake, naye akajishughulisha na biashara na uwindaji, akiyajua mapori kwa miguu yake mwenyewe na kujifunza kutoka kwa wafuata nyayo wa Kiafrika, ambao ndio waliokuwa walimu wa kila mzungu aliyejiita bingwa wa porini.

VITANI

Vita vilipoanza mwaka 1914, Finch Hatton alijiunga na kikosi kilichoundwa na rafiki yake Berkeley Cole. Wengi wa askari wake walikuwa Wasomali waliopanda nyumbu, na kazi yao ilikuwa upelelezi na doria katika nchi kavu iliyo baina ya Kenya na Tanganyika ya Wajerumani. Kikosi hicho hakikudumu, lakini Finch Hatton aliendelea na vita, akatunukiwa nishani ya Military Cross kwa ushujaa, na akawa msaidizi wa Jenerali Reginald Hoskins. Jenerali huyo alipoondolewa katika uongozi wa majeshi ya Afrika Mashariki mwaka 1917 na kupelekwa Mesopotamia, Finch Hatton alimfuata. Kabla ya vita kumalizika alikwenda Misri kujifunza urubani.

Askari anayesoma habari hizi ajue kwamba vita vile vya kumwandama Jenerali Lettow-Vorbeck vilikula watu wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliotolewa Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko kubeba mizigo ya wapiganaji. Finch Hatton alitoka vitani mzima wa mwili, akiwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi uhai unavyoweza kupotezwa bila hesabu.

KAZI YA KUONGOZA WAGENI

Baada ya vita alirudi Uingereza kwa muda, kisha akarejea Kenya. Katika mwaka 1918 alikuwa amekutana na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, na urafiki wao ulikuwa mkubwa. Kuanzia mwaka 1925 alifanya nyumba ya shambani pale kuwa makao yake, na wakati huohuo akaanza kazi iliyompatia jina: kuongoza misafara ya wageni matajiri porini.

Kwanza misafara hiyo ilikuwa ya kuua. Mgeni alilipa, akapewa leseni, akaongozwa mpaka mbele ya tembo au simba, akafyatua. Lakini kadiri miaka ilivyopita, Finch Hatton alizidi kuvutwa na kamera, na akawavuta wageni wake nao waipende. Hakuwa wa kwanza katika jambo hilo. Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1905 picha za wanyama alizozipiga usiku kwa mwanga wa ghafla katika nchi zilizo karibu na Kilimanjaro. Mwingereza Cherry Kearton naye alikuwa amepiga filamu Afrika Mashariki tangu wakati wa msafara wa Roosevelt. Lakini hao walikuwa mabingwa waliojifanyia kazi zao. Finch Hatton alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumchukua mgeni asiyejua lolote la porini, akamwongoza, akamlinda, akamrudisha salama na picha badala ya pembe.

Kazi hiyo ilihitaji ujuzi kuliko kuwinda. Bunduki nzuri humwua mnyama aliye mita mia moja au zaidi. Kamera za siku zile hazikuweza kufika huko. Mpiga picha alilazimika kusogea mpaka karibu sana, jua likiwa nyuma yake na upepo ukimjia usoni ili harufu yake isimfikie mnyama. Asingeweza kukohoa wala kukanyaga kijiti kikavu. Tena alikuwa amefunga jicho moja, na lile la pili limo ndani ya kamera, hawezi kujihami. Aliyemhami ni kiongozi wake, aliyesimama kando na bunduki iliyojaa risasi, akiitazama mikia na masikio ya wanyama.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Kiongozi mwoga hufyatua mapema, akamwua mnyama ambaye pengine alikuwa akitisha tu, na msafara wote ukawa hauna maana. Kiongozi mzembe huchelewa, na mgeni akafa. Kiongozi bora ni yule anayejua baina ya tembo anayetanua masikio ili watu waondoke na tembo aliyekwisha kuamua kuua. Silaha yake iko tayari, lakini sifa yake ni kwamba haikulia. Askari na polisi hawana haja ya kuelezwa zaidi jambo hili, kwa maana ni sheria ya kazi yao pia.

MWANA WA MFALME

Sifa za Finch Hatton zilifika mbali. Mwaka 1928 alichaguliwa kumwongoza Edward, mwana wa Mfalme wa Uingereza aliyetarajiwa kurithi kiti. Msafara ule ulikatishwa huko Tanganyika ilipokuja simu kwamba Mfalme George wa Tano ni mgonjwa sana, na mwanawe akarudi kwao haraka kupitia Dar es Salaam. Alikuja tena mwaka 1930, na safari hii mwana wa mfalme alikuwa ameipenda kamera ya filamu kuliko bunduki. Alipiga picha za wanyama wakubwa Kenya, kisha akapitia Uganda, ambako Bwana Nyama mkuu tangu mwaka 1925 alikuwa Kapteni Charles Pitman, naye askari wa zamani mwenye nishani.

Mfano wa mkubwa hufuatwa. Matajiri wa Ulaya na Marekani waliposikia kwamba hata mwana wa mfalme ametosheka na picha, ile fikira kwamba kupiga picha ni kazi ya waoga ikaanza kufifia.

VITA VYA KALAMU

Jambo jingine lililomfanya akumbukwe ni barua alizoandika katika gazeti la The Times la London mwaka 1928 na 1929. Motokaa zilikuwa zimekwisha kufika katika tambarare za Serengeti, Tanganyika, na baadhi ya wawindaji walikuwa wakiua simba wengi wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Simba wa Serengeti hawakuiogopa motokaa. Waliitazama kama kitu kisichowahusu. Kwa hiyo aliyewapiga kutoka garini hakuhitaji ujasiri wala ustadi wowote. Aliwaua kwa sababu walimwamini.

Finch Hatton alilishutumu jambo hilo waziwazi, na akaitaka serikali ya Tanganyika ichukue hatua. Wakubwa wa serikali hiyo walijibu kwa kujitetea, na mabishano yakasomwa na watu wengi Uingereza. Alieleza pia kwamba simba walewale wangeweza kupigwa picha na wageni wengi mwaka hadi mwaka, ilhali simba aliyepigwa risasi hutazamwa mara moja tu. Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ilifanywa hifadhi, na mwaka 1951 ikawa mbuga ya taifa. Hakuifanya kazi hiyo peke yake, lakini sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizosikika mapema.

Hata hivyo tusimfanye mtakatifu. Mpaka mwisho wa maisha yake Finch Hatton hakuacha kabisa kuwinda wala kuwaongoza wawindaji. Alikuwa mtu wa njia panda, mguu mmoja katika desturi ya zamani na mwingine katika mpya.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1930 alijinunulia ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Kutoka angani aliiona nchi kwa namna ambayo watu wachache walikuwa wamewahi kuiona, na akaanza kufikiri jinsi ndege inavyoweza kutumiwa kutafuta makundi ya tembo. Mwezi wa Mei 1931 aliruka kwenda pwani, ambako alikuwa na nyumba huko Takaungu, na akafika Voi, akitaka kujua kama tembo wanaonekana vizuri kutoka juu.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 aliondoka Voi kurudi Nairobi, akiwa na mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau. Ndege ilipaa, ikazunguka, kisha ikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto. Wote wawili walikufa. Finch Hatton alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa katika vilima vya Ngong, mahali alipopapenda. Karen Blixen aliondoka Kenya mwaka uleule, na kitabu alichokichapisha mwaka 1937 ndicho kilicholieneza jina la rafiki yake duniani, mpaka filamu ikatengenezwa mwaka 1985. Habari za Kamau hazikuandikwa. Inatupasa kumtaja hapa, maana alikufa safari moja na bwana wake.

FUNZO KWETU

Uganda ilipata mbuga zake mbili za kwanza, ile ya Murchison Falls na ile ya Queen Elizabeth, mwaka 1952. Katika miaka ya 1960 nchi ilikadiriwa kuwa na tembo 30,000 hivi. Kisha yakaja machafuko ya miaka ya 1970 na vita vya 1979. Majangili waliingia mbugani, na kwa aibu kubwa waliingia pia watu waliovaa sare, wenye bunduki za rashasha zilizonunuliwa kwa fedha za wananchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tembo waliobaki walikadiriwa kuwa 2,000 tu, na kufika mwaka 1983 kifaru hakuwako tena porini Uganda. Vifaru wanaotunzwa huko Ziwa, Nakasongola, walianza kuletwa kutoka nje mwaka 2005, nao si wa ukoo wa wale waliotoweka West Nile.

Silaha zilizoharibu ndizo pia zilizojenga upya. Tembo wameongezeka kwa maelfu kwa sababu askari wa wanyamapori, wakisaidiwa na majeshi na polisi, wamelinda mipaka ya mbuga usiku na mchana, na baadhi yao wamekufa kazini. Huko Bwindi wageni hupelekwa kuwatazama sokwe wakubwa wa milimani katika vikundi visivyozidi watu wanane, hukaa nao saa moja, na hukatazwa kupiga picha kwa mwanga wa ghafla. Mbele yao hutangulia kiongozi, na kando yao yuko askari mwenye bunduki. Na mwezi wa Oktoba 1923 haukuwahi kuona wageni kama hao, lakini Oktoba 2023 uliona wageni wawili na kiongozi wao Mganda wakiuawa na magaidi katika mbuga ya Queen Elizabeth. Siku ile kila mtu alifahamu kwamba bila ulinzi hakuna safari ya kamera, na bila safari hizo mbuga hukosa fedha na mwananchi hukosa kazi.

Kwa hiyo askari anayesimama kando ya mgeni huko Bwindi au Murchison Falls amesimama mahali alipokuwa akisimama Finch Hatton zaidi ya miaka 90 iliyopita. Tofauti ni kwamba yeye analinda mali ya nchi yake mwenyewe. Jioni ikifika, mgeni amepata picha yake, sokwe amelala kitandani pake pa majani, na risasi zote zimerudi ghalani kwa hesabu ileile iliyotoka asubuhi, huyo ametimiza wajibu wake.