Benjamin Franklin na Somo la Kuogelea

Mwalimu apangwaye katika shule iliyo kando ya ziwa au mto huwakuta watoto wanaoteka maji, kuvua na kuvuka kila siku, na aghalabu hakuna aliyepata kuwafundisha kuogelea. Mwalimu huyo anaweza kunufaika na maisha ya Benjamin Franklin, Mmarekani ajulikanaye zaidi kwa uchunguzi wake wa umeme.

Franklin alizaliwa mjini Boston tarehe 17 Januari 1706. Baba yake, mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, alikuwa na watoto 17. Mtoto huyu alisoma shuleni miaka 2 tu; alipotimiza miaka 10 aliondolewa ili asaidie kazi ya nyumbani. Lakini waliishi karibu na maji, naye alijua kuogelea mapema. Alichonga vibao viwili vyenye tundu la kidole gumba, akavishika mikononi ili asukume maji kwa nguvu. Akaona kwamba mwendo uliongezeka, ila viwiko vya mikono vilichoka upesi. Hivyo ndivyo alivyojifunza: kwa kujaribu na kupima.

Mwaka 1726, akiwa mpiga chapa kijana huko London, alimfundisha mfanyakazi mwenzake na rafiki wa huyo kuogelea kwa kuingia mtoni mara mbili tu. Habari zilienea, na bwana mmoja mwenye cheo akataka wanawe wawili wafundishwe. Franklin alikuwa amekwisha kukata shauri la kurudi kwao, hivyo shule ya kuogelea aliyoiwaza haikuanzishwa.

Mbinu yake aliieleza katika barua iliyochapishwa mwaka 1769, kwa rafiki aliyedhani umri wa kujifunza umekwisha kumpita. Mwanafunzi achague mahali penye maji maangavu, ambapo kina huongezeka polepole. Aingie mpaka maji yamfike kifuani, ageuke aelekee pwani, kisha atupe yai kati yake na nchi kavu. Sasa ajitose, macho wazi, alifuate yai hilo chini. Atashangaa kuona kwamba kuzama ni kazi ngumu, maana maji yenyewe humwinua. Na kwa kuwa ameelekea pwani, kila hatua humpeleka penye kina kifupi. Kwa Franklin, maboya hayamfanyi mtu kuwa mwogeleaji kabla hajayaamini maji.

Mwaka 1749 alipendekeza kuogelea kuwe miongoni mwa mazoezi ya vijana katika chuo kilichokusudiwa huko Philadelphia. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli: chuo hicho hakikuwa cha watoto wote, na Franklin mwenyewe alimiliki watumwa kwa miaka mingi. Mwaka 1763 alitembelea shule ya watoto Weusi mjini humo, akaona jinsi walivyojifunza, akabadili fikra zake juu ya uwezo wao. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa.

Maji yenyewe hakuyasahau. Mwaka 1739, yeye na jirani zake waliliomba baraza la kutunga sheria liwaondoe watengeneza ngozi waliokuwa wakimwaga taka katika kijito cha Dock. Katika wasia wake aliiachia Philadelphia fedha, akishauri kwamba baadaye zitumike kuleta maji safi kwa mabomba, kwani aliona kuwa majengo na sakafu za mawe huzuia mvua kupenya ardhini na visima huharibika. Alifariki tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na umri wa miaka 84.

Mwalimu mwanafunzi azingatie mpango wa somo lile la yai. Kazi ya mwalimu ilimalizika kabla mwanafunzi hajalowa: kuchagua mahali, kupima kina, kuhakikisha maji ni safi na maangavu, na kuamua mtoto aelekee wapi. Yaliyobaki, maji yaliyafundisha. Asiyeyaandaa hayo, chini ya macho ya mtu mzima ajuaye kuogelea, asimwingize mtoto majini. Na maji yaliyochafuka, ambamo yai halionekani, hayafai kwa somo hili. Basi kutunza mto ni sehemu ya somo lenyewe.