Robert Koch: Daktari Mjerumani aliyefika Iringa, na swali la kinga ya malaria

Msikilizaji wa Mbeya au Iringa anajua jambo hili: ukitoka kwenye baridi ukashuka Kyela, malaria hukulaza haraka kuliko mwenyeji wa huko. Kwa nini? Mmoja wa watu wa kwanza kulichunguza kwa hadubini alikuwa Robert Koch.

Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, na jina lake likavuma duniani. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam na kuanza kuchunguza malaria. Miaka miwili baadaye, huko New Guinea, alipima damu ya wakubwa kwa wadogo. Watoto wadogo walijaa vimelea. Watu wazima waliokulia palepale karibu hawakuwa navyo, ingawa mbu ni walewale. Koch akaona kwamba mwili hujifunza kwa kuugua mara nyingi.

Hata hivyo, tegemeo lake lilikuwa kwinini. Dar es Salaam ilijaribiwa njia yake ya kupima watu na kuwapa dawa, lakini malaria haikuisha.

Mwaka 1905 alirudi, akafuata njia ya misafara hadi Uhehe akichunguza papasi wanaoeneza homa ya vipindi. Mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel. Kisha akaenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa dawa ya atoksili, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, tusilifiche. Alifariki mwaka 1910.

Alichoacha bila jibu ni hiki: mwili hutambua nini hasa kwenye kimelea? Leo tunajua ni vipande vya protini viitwavyo antijeni. Taabu ni kwamba vingi hubadilika, kama mwizi anayebadili shati kila akionekana. Wachache hawabadiliki sana. Mmoja ni RH5, ambao kimelea hutumia kama ufunguo wa kuingia kwenye chembe nyekundu ya damu; ukibadilika mno, kufuli halifunguki. Chanjo ya RH5 imejaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, na watoto wachanga walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima.