Archimède na nguvu ya mugongo

Archimède alizaliwa karibu mwaka 287 mbele ya Yesu, mu Syracuse, muji wa Wagiriki kwenye kisiwa cha Sicilia.

Siye wa mugodi tunajua: ukiingiza chuma kirefu chini ya jiwe na kushika mwisho wake, jiwe linanyanyuka, ukishika karibu, haliondoke. Watu wa zamani walijua ile pia. Archimède njo alionyesha sababu yake kwa hesabu: mukono ukikaa mbali na egemeo mara 10 kuliko muzigo, nguvu ya kilo 10 inabeba kilo 100. Lakini hakuna cha bure: mukono nao unatembea mara 10 zaidi. Wanaeleza kama alivuta hata mashua kubwa peke yake, kwa kamba na mapuli.

Kuna mashini yenye jina lake mpaka leo: visi kubwa ndani ya bomba. Ukiizungusha, maji yanapanda. Waroma waliitumia kutoa maji katika migodi ya Hispania. Maji yalitoka, lakini watumwa waliokuwa wanachimba hawakupumzika. Faida ilienda kwa wenye mugodi.

Mwaka 212 mbele ya Yesu, Waroma waliteka Syracuse, askari mumoja akamuua Archimède.

Wandugu, kuomba puli na toroli si uvivu, ni akili. Na mashini mpya ikifika, tuulize mapema: nguvu inayobaki itakuwa ya nani?