Matt Talbot: Kibarua wa Mbao Aliyeiacha Pombe



Leo tumwangalie mtu ambaye hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kibarua tu, na alikuwa mlevi.

Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ayalandi, tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya 12. Shule alisoma kidogo sana. Akiwa na miaka kama 12 akapata kazi kwa wafanyabiashara wa vinywaji, wanaojaza bia kwenye chupa. Hapo ndipo alipoanza kuonja. Yaani pombe hakuifuata kilabuni, ilimkuta kazini. Baba yake akamhamishia bandarini ili awe naye karibu, kumbe maghala ya kule yana wiski! Mtoto akapanda daraja. Baadaye akawa saidia fundi, anabeba matofali.

Na jamaa alikuwa mchapakazi kweli. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, tunadhani mlevi ni yule tu asiyefika kazini. Matt alifika, lakini hela ya Jumamosi iliishia baa na mama yake akabaki mikono mitupu. Ilifika mahali wakamwibia mpiga fidla wa barabarani fidla yake, wakaiuza, wakanywa.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikaa wiki nzima bila kazi. Jumamosi akasimama karibu na baa, akitegemea wenzake waliolipwa wamnunulie. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akiwanunulia. Wakapita mmoja mmoja, hakuna aliyemkaribisha. Akarudi nyumbani, akamwambia mama anakwenda kuweka ahadi ya kuacha. Akaenda seminari ya Clonliffe, akaungama na kuahidi miezi 3. Ikaisha, akaongeza. Mwisho ikawa ahadi ya maisha. Hakunywa tena kwa miaka 41, hadi kufa.

Aliwezaje? Misa kila siku alfajiri kabla ya kazi. Akaacha kabisa kutembea na hela mfukoni, asije akashawishika. Akalipa madeni yake. Yule mpiga fidla alimtafuta asimpate, basi akamtolea Misa. Akapata kazi kwenye yadi ya mbao, na muda wa mapumziko alijitenga kusali. Alifariki tarehe 7 Juni 1925, akianguka barabarani akienda Misa. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa, hatua iliyo kabla ya kutangazwa Mwenyeheri.

Kwa nini nawaandikia haya kutoka Ilembula? Kwa sababu mbao tunazijua. Kuanzia Njombe hadi Makambako vijana wengi wanaishi kwa magogo, misumeno na malori. Na msimu wa mvua ulanzi upo kila kona, wengine wanazimua asubuhi kabla ya kazi. Mtu akija na pombe kichwani, wa kwanza kuumia si bosi. Ni yule anayeshika upande wa pili wa gogo. Ni dereva anayesubiri mzigo uliofungwa vibaya. Ni mama anayesubiri hela ya unga.

VIWAWA, jina letu lenyewe limebeba neno wafanyakazi. Kwa hiyo wiki hii tufanye mambo mawili. Mwenzako akikuomba umnunulie "moja" ya kuzimua, mnunulie chai na kiporo. Halafu usiishie kumpita kama wale wa Dublin. Mungu aliutumia ule ukimya wao, lakini Matt alihitaji pia mahali pa kwenda. Msindikize kwa padre, kwa daktari, au nyumbani kwao. Asiogope kuanza na miezi 3.

Tusali: Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya useremala Nazareti, wainue wenzetu waliofungwa na pombe. Utupe sisi mikono salama na moyo wa kuwabeba. Amina.